Namna ya Kupika Vyakula Vitano vya Mitaani na vya Nyumbani vya Marekani kwa Asili Yake

Vyakula vya mitaani na vya nyumbani vya Marekani humfikia msomaji wa mbali vikiwa vimebadilishwa sana, kiasi kwamba mji uliovizaa hauwezi tena kuvitambua. Mabawa ya kuku ya Buffalo hupakwa unga, nyama ya chili ya Cincinnati hukaangwa kabla ya kuchemshwa, maharage ya New Orleans hutolewa kwenye kopo na kupashwa moto kwa dakika kumi, kisha mlaji hushangaa sifa za vyakula hivyo zilitoka wapi. Ni vyakula vya gharama ndogo na vingi havihitaji viungo adimu. Kinachovitambulisha ni hatua moja au mbili za mapishi ambazo wenyeji hawakubali ziondolewe. Mwongozo huu unaeleza vyakula vitano vya miji mitano, na kwa kila kimoja nimesisitiza hatua hiyo, kwa kuwa mpishi akiishika vizuri, mapungufu mengine yanavumilika.

Maharage mekundu na wali wa New Orleans

Naanza na chungu kinachochukua muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu ndicho chenye mengi ya kujifunza. Katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, maharage mekundu na wali ni chakula cha Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na mpishi wa nyumba alihitaji chakula kinachoweza kuachwa kichemke polepole wakati yeye yuko kwenye beseni la nguo. Mfupa wa paja la nguruwe uliobaki katika mlo wa Jumapili ulitosha kutia ladha chungu kizima. Mashine za kufulia zilikuja, lakini desturi haikuondoka, na mikahawa mingi ya mji huo bado hupika maharage haya kila Jumatatu. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri aliyezaliwa huko, alikipenda chakula hiki kiasi cha kukitaja katika salamu za kumalizia barua zake.

Kwa walaji sita, chukua gramu 450 za maharage mekundu makavu, yachambue, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo yote. Katika sufuria yenye kitako kinene, pasha vijiko viwili vikubwa vya mafuta na ukaange gramu 250 za andouille, yaani soseji ya Louisiana iliyokaushwa kwa moshi, ikiwa imekatwa vipande vya duara, mpaka kingo zake zigeuke kuwa za hudhurungi. Itoe uiweke kando, lakini mafuta yake yabaki sufuriani. Ndani ya mafuta hayo tia kitunguu kikubwa kimoja, pilipili hoho moja ya kijani na mashina mawili ya seleri, vyote vikiwa vimekatwa vidogovidogo. Mboga hizi tatu, ambazo wapishi wa Louisiana huziita utatu mtakatifu, ndizo msingi wa vyungu vingi vya jimbo hilo, nazo hazitaki haraka: ziache kwenye moto wa wastani kwa dakika kumi hivi mpaka zilainike na kuanza kushika rangi. Baada ya hapo ongeza punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, kijiko kidogo cha thaimu kavu, majani mawili makavu ya loreli na nusu kijiko kidogo cha pilipili nyekundu ya unga, ukoroge kwa dakika moja mpaka harufu itoke.

Sasa tia maharage, mfupa wa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na lita mbili za maji. Asiyekula nyama ya nguruwe atumie shingo au bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, pamoja na soseji ya ng'ombe au ya kuku. Familia nyingi za Wamarekani weusi hupika hivyo, na chungu hakipungukiwi heshima yoyote. Chemsha kwa moto mkali kwa nusu saa nzima, ukikoroga mara kwa mara, kabla ya kupunguza moto. Naomba hatua hii isirukwe na yeyote. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, ambayo huharibiwa na mchemko kamili tu. Joto la chini, kama lile la sufuria za umeme za kupikia polepole, linaweza hata kuifanya sumu hiyo kuwa kali zaidi. Ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri maharage haya yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, na mchemko katika maji mapya uendelee kwa dakika 30.

Baada ya nusu saa hiyo, punguza moto hadi maji yawe yanatokota kwa utulivu, funika sufuria ukiacha upenyo mdogo, na upike kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Maharage yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu huchelewa kuiva, kwa hiyo amua kwa kuonja na si kwa kutazama saa tu. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Nyanya, siki au kitu chochote kichachu kisiingie kabla maharage hayajalainika, kwa kuwa uchachu huyafanya maganda kuwa magumu na unaweza kuchelewesha uivaji kwa muda mrefu. Chumvi nayo isubiri mwisho, si kwa sababu inadhuru, bali kwa sababu mfupa na soseji vina chumvi nyingi tayari, na chungu kikishazidi chumvi hakuna njia nzuri ya kukirudisha.

Hatua inayokibeba chakula hiki huja mwishoni, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Maharage yakishakuwa laini kabisa, rudisha soseji, kisha tumia mgongo wa mwiko kuponda kiasi cha robo ya maharage kwa kuyakandamiza kwenye ukuta wa sufuria, ukoroge na uache yatokote kwa dakika 30 nyingine. Wanga unaotoka katika maharage yaliyopondwa huugeuza mchuzi kuwa mzito na laini, unaoshikamana na wali badala ya kuchuruzika hadi kitako cha sahani. Unga wa ngano haufanyi kazi hii, na krimu haifai kabisa. Mchuzi ukiachwa mwepesi, mlaji atapata supu ya maharage juu ya wali, chakula kizuri pengine, lakini si hiki. Toa mfupa, chambua nyama yake na uirudishe chunguni, kisha pakua juu ya wali mweupe wa punje ndefu uliopikwa bila viungo. Majani mabichi ya vitunguu yaliyokatwa hunyunyizwa juu, na chupa ya mchuzi wa pilipili na siki huwekwa mezani ili kila mtu ajihudumie. Maharage haya huwa matamu zaidi siku ya pili.

Chili ya Cincinnati

Watu wengi wakisikia neno chili huwaza Texas, ambako tangu mwaka 1977 ndiyo chakula rasmi cha jimbo: nyama ya ng'ombe na pilipili kavu, na kwa wenye msimamo mkali, bila maharage hata punje moja. Chili ya Cincinnati, jimbo la Ohio, ni jambo tofauti kabisa, na anayeipima kwa kipimo cha Texas anaionea. Asili yake ni ndugu wawili wahamiaji kutoka Macedonia, Tom na John Kiradjieff, waliofungua mkahawa wao mdogo uitwao Empress mwaka 1922. Walichukua jina na umbo la chakula kilichokuwa kikipendwa na Wamarekani, wakakitia viungo vya nyama za mchuzi za kwao: mdalasini, karafuu na vinginevyo vya harufu tamu. Matokeo yake ni mchuzi wa nyama mwepesi, wenye chembe ndogo sana, unaomwagwa juu ya spageti.

Hatua inayoibeba chili hii ni ya mwanzo, na inapingana na karibu kila somo la mapishi ya nyama: nyama haikaangwi. Chukua gramu 900 za nyama ya ng'ombe ya kusaga, iweke mbichi katika lita moja na robo ya maji baridi, kisha uivunjevunje kwa vidole mpaka maji yafanane na uji usio na donge. Ndipo uibandike motoni, ukikoroga huku maji yakipanda joto taratibu. Nyama iliyokaangwa hushikana na kuwa na punje ngumu, na ikishafanya hivyo haitarudi kuwa laini hata ikichemshwa siku nzima. Ile iliyoanza katika maji baridi hubaki na chembe ndogo laini ambazo huingia katikati ya nyuzi za spageti. Engua povu linalopanda.

Kisha ongeza vitunguu viwili vilivyokunwa, punje nne za kitunguu saumu, gramu 400 za mchuzi wa nyanya usio na viungo, vijiko viwili vikubwa vya siki ya tufaha, na viungo vifuatavyo: vijiko vitatu vikubwa vya pilipili ya unga isiyo kali sana, kijiko kidogo kimoja cha bizari nyembamba, kijiko kidogo kimoja na nusu cha mdalasini, nusu kijiko kidogo cha pilipili ya Jamaika iliyosagwa, na robo kijiko kidogo cha karafuu. Wapishi wengi wa majumbani hutia pia gramu 15 za chokoleti chungu isiyo na sukari. Mimi naiunga mkono, kwa kuwa huzidisha uzito wa ladha bila kujitangaza. Tia chumvi, na uache mchuzi utokote bila kufunikwa kwa saa mbili na nusu hadi tatu.

Baada ya hapo subira inahitajika tena. Gawa mchuzi katika vyombo vya kina kifupi ili upoe haraka, uweke katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, na uuache hadi kesho yake. Mafuta yataganda juu na utayaondoa kwa kijiko. Yasipoondolewa, mchuzi huu ambao haukuanza kwa kukaangwa huwa na utando wa mafuta mdomoni. Unaweza kubakiza kijiko kimoja au viwili kwa ajili ya ladha.

Namna ya kuupakua ina utaratibu wake, na mteja wa Cincinnati huagiza kwa hesabu. Agizo la njia tatu ni spageti chini, chili katikati, na juu yake kilima cha jibini la cheda lililokunwa jembamba kama nyuzi. Njia nne huongeza vitunguu vibichi vilivyokatwa au maharage mekundu, na njia tano huongeza vyote viwili. Jibini likunwe siku hiyohiyo nyumbani, kwa sababu lile linalouzwa likiwa limekunwa tayari hupakwa wanga ili lisigandamane, na wanga huo hulizuia kuyeyuka vizuri. Wenyeji hawazungushi spageti kwenye uma, bali hukata kwa ubavu wa uma kutoka juu hadi chini, ili kila tonge liwe na tabaka zote. Biskuti ndogo za chumvi huwekwa kando.

Mabawa ya kuku ya Buffalo

Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema mabawa haya yalianza mwaka 1964 katika baa ya Anchor mjini Buffalo, jimbo la New York, jikoni kwa Teressa Bellissimo. Ni haki pia kumtaja John Young, mfanyabiashara mweusi wa mji huohuo, aliyeuza mabawa mazima yaliyopakwa unga na mchuzi wake mwenyewe katika miaka hiyohiyo ya 1960, na ambaye jina lake liliachwa nje ya simulizi hii kwa muda mrefu mno. Mabawa yaliyoenea duniani ni ya aina ya Anchor, nayo hayapakwi unga.

Kwa kilo moja na nusu ya mabawa, kata kila bawa kwenye maungio upate vipande viwili, na ncha zake uzihifadhi kwa ajili ya supu. Yakaushe vizuri kwa karatasi za jikoni, yanyunyizie chumvi, na uyaweke bila kufunikwa kwenye jokofu kwa saa kadhaa. Ukavu wa ngozi ndilo jambo kuu: maji yaliyobaki juu yake hugeuka mvuke ndani ya mafuta na kuzuia ngozi isiwe kavu. Kaanga mafungu madogomadogo katika mafuta yenye joto la nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12, mpaka ngozi iwe ya dhahabu iliyokolea. Anayetumia oveni achanganye kijiko kikubwa kimoja cha hamira ya unga, ile ya keki, na chumvi kwa kila kilo ya mabawa, kisha aoke kwa nyuzi 220 kwa dakika 45 hadi 50, akiyageuza katikati.

Mchuzi wake una vitu viwili. Pasha mililita 150 za mchuzi wa pilipili na siki, wa aina nyekundu isiyo na utamu, katika moto mdogo sana, kisha uingize gramu 100 za siagi baridi kipande baada ya kipande huku ukipiga kwa mchapo. Usiruhusu uchemke, kwa kuwa siagi itajitenga na kuelea. Weka mabawa ya moto katika bakuli kubwa, mwaga mchuzi, yarushe mpaka yapakike kote, na uyapeleke mezani papo hapo. Pembeni huwekwa vijiti vya seleri na mchuzi wa jibini la buluu, unaotengenezwa kwa viwango sawa vya mayonezi na krimu chachu, jibini lililovunjwavunjwa kwa wingi na maji ya limau. Anayewatengea wenyeji wa Buffalo mchuzi mwingine ajiandae kusahihishwa.

Mkate wa nyama na jibini wa Philadelphia

Pat Olivieri, muuza hotidogi wa kusini mwa Philadelphia, alianza kuuza mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe na vitunguu mwaka 1930. Jibini liliongezwa miaka ya baadaye, na jina la chizisteki likashika. Kwa maoni yangu chakula hiki hutegemea mkate kuliko nyama. Unahitajika mkate mrefu wa kiasi cha sentimeta 25, wenye ganda jembamba lisilopasuka na sehemu ya ndani iliyo laini lakini inayoweza kunyonya mafuta bila kumegeka. Mkate wenye ganda gumu huchana kinywa na kusukuma nyama nje.

Nyama iwe ya mbavu, yenye mafuta kati ya misuli. Igandishe kwa dakika 45 hadi saa moja ili iwe imara, kisha ikate kwa kisu kikali vipande vyembamba vya milimita mbili hivi, kwa kukatiza nyuzi zake. Kaanga vitunguu kwanza kwenye bapa la chuma mpaka viwe laini na vitamu, visogeze pembeni, ongeza moto, na utandaze nyama pamoja na chumvi. Dakika mbili au tatu zinatosha. Wengine huikatakata nyama kwa miko bapa miwili ikiwa motoni, wengine huiacha katika vipande vyake; maduka mashuhuri ya mji huo yametofautiana katika hili na yote yana wateja. Changanya nyama na vitunguu, ukusanye fungu lenye urefu wa mkate, weka juu yake vipande vya jibini la provolone au jibini laini la Kimarekani, kisha ufunike fungu zima kwa mkate uliofunguliwa, uso wake ukiwa chini. Acha kwa nusu dakika. Mvuke wa nyama huulainisha mkate na kuliyeyusha jibini kwa wakati mmoja, na hatua hiyo haina mbadala. Pitisha mwiko bapa chini ya nyama, geuza vyote kwa mkupuo mmoja, na ufunge. Wapo wanaopendelea Cheez Whiz, jibini laini la kiwandani lililoingia sokoni miaka ya 1950, na hilo humwagwa moja kwa moja ndani ya mkate.

Hotidogi ya Chicago

Hii haina upishi mwingi; ina mpangilio. Soseji iwe ya nyama ya ng'ombe pekee, yenye ganda la asili, kwa desturi iliyotokana na wachinjaji wahamiaji waliouza soseji zao katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893 mjini humo, kampuni ya Vienna Beef ikiwa mojawapo ya waliozaliwa huko. Ipashe katika maji ya moto yasiyochemka kwa dakika kumi, kwa kuwa mchemko hulipasua ganda na ladha huishia majini. Mkate wenye mbegu za mpopi upashwe kwa mvuke, usichomwe.

Kisha panga kwa utaratibu huu: haradali ya njano juu ya soseji, achari tamu ya matango yenye rangi ya kijani kali, vitunguu vyeupe vilivyokatwa vidogo, vipande vya nyanya upande mmoja kati ya soseji na mkate, kipande kirefu cha tango la siki upande wa pili, na pilipili ndogo mbili za siki juu. Chumvi ya seleri hunyunyizwa mwisho kabisa, kidogo tu. Kechapu haiwekwi, utamu unaotafutwa umeshatolewa na achari na nyanya, na sukari zaidi huzima siki, haradali na pilipili. Tengeneza moja moja kadiri walaji wanavyoketi, kwa sababu mkate wa mvuke hauvumilii kusubiri zaidi ya dakika chache.